Kompyuta Ikinyamaza: Tufanye Nini Kabla ya Kumwita Fundi?



Somo la leo limetokana na maswali ya vikundi vyenyewe. Kikundi kina kompyuta ya mezani, iliyonunuliwa kwa mchango au iliyotolewa na wafadhili. Siku moja inawashwa kama kawaida, skrini inaonyesha picha safi, mashini inaandika na inahesabu, lakini sauti hakuna. Mnaweka video, mnaona midomo ya msemaji ikicheza na hamsikii hata neno. Mmoja anaipiga kofi ubavuni, mwingine anasema ni virusi, wa tatu tayari anatafuta namba ya fundi kwenye simu.

Tuseme mapema: kompyuta iliyonyamaza mara nyingi haijaharibika. Huenda kuna waya uliochomoka, au umeingizwa tundu lisilo lake, au mtu amebonyeza kitufe bila kujua, au mashini yenyewe inapeleka sauti mahali pengine. Hayo yote kikundi kinaweza kuyaona chenyewe, bila bisibisi na bila shilingi. Yanayobaki kwa fundi ni machache, na hata hayo ni vizuri mjue mnakwenda kumwambia nini.

(Shuleni watoto wetu hufunzwa kusema tarakilishi. Sisi tutasema kompyuta, maanake ndilo neno linalosikika sokoni.)

Mtu anaweza kuuliza: sauti ni ya nini? Si kompyuta ni ya kuandika barua na kuweka hesabu tu? Katika ofisi ya mjini labda. Katika vikundi vyetu sivyo. Tunao kina mama na wazee ambao hawakupata nafasi ya kukaa darasani, na wao hujifunza kwa masikio. Siku hizi kuna mafunzo mengi mazuri ya video, kwa mfano yale ya Access Agriculture, ambayo yametolewa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mtu asiyesoma anaweza kuketi akafunzwa kutengeneza mbolea au kuhifadhi mahindi yasiliwe na wadudu, akauliza maswali sawa na katibu aliyefika kidato cha nne. Sauti ikipotea, usawa huo unapotea nayo. Wanaosoma maandishi ya chini ya picha wanabaki mbele, wengine wanakaa nyuma kidogo, na wiki ya tatu hawaji. Hakuna aliyewafukuza, lakini wamekwenda.

Kwa hivyo jambo hili si dogo.

Sauti ni kama maji ya mradi

Wengi wetu tumewahi kuchimba mtaro wa maji. Maji yanatoka kwenye chemchemi, yanaingia tangi, yanapita katika paipu, yanafika kwenye mfereji. Siku mfereji ukikauka, hakuna anayepanda mlimani kuchimba chemchemi upya. Kwanza mnaangalia kama mfereji umefunguliwa. Halafu mnafuata paipu, kiungo kwa kiungo, mpaka mnapofika mahali penye maji. Hapo katikati ndipo penye shida.

Sauti nayo ina njia yake. Inaanzia katika ile video au wimbo uliohifadhiwa. Inapita katika programu inayoicheza, inaingia katika Windows, ambayo ndiyo msimamizi wa mashini nzima. Windows huikabidhi draiva, yaani programu ndogo inayojua kuzungumza na kifaa cha sauti. Kutoka hapo inafika kwenye kadi ya sauti, ambayo katika kompyuta nyingi za leo imeunganishwa kabisa na bodi kuu ya ndani. Kadi inaitoa kwenye tundu, tundu linaipa waya, waya unaipa spika, na spika inatupa sisi. Ikikatika mahali pamoja tu, kimya.

Basi sisi tunaanzia kwenye mfereji, yaani kwenye spika, si kwenye chemchemi. Wale waliozoea njia ya Kuona, Kuamua na Kutenda katika jumuiya ndogo ndogo watatambua mwendo huu. Kuona kunatangulia. Mafundi wengi wa haraka huanza na kutenda.

Spika zenyewe

Kwanza mjiulize: je, kompyuta hii ina spika? Msicheke. Waliozoea laptop au simu hudhani kila kompyuta inaongea yenyewe. Kompyuta nyingi za mezani hazina spika ya ndani, au zina kijispika kidogo cha kutoa mlio tu wakati wa kuwaka. Zile za maofisini za HP au Dell wakati mwingine huwa na spika ndogo ya ndani, lakini si zote. Skrini pia, nyingi hazina spika. Kama mashini ilihamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine na spika zikaachwa kabatini, hapo hakuna ugonjwa wa kutafuta.

Kama spika zipo, tazama kijitaa chake. Kinawaka? Kama hakiwaki, spika haipati stima. Fuata waya wake mpaka kwenye soketi ya ukutani, na uone kama swichi ya soketi imewashwa. Spika nyingine hupata nguvu kutoka tundu la USB la kompyuta, na hizo zina waya mbili: moja ya USB ya kuleta nguvu na nyingine nyembamba ya kuleta sauti. Zote mbili lazima ziwe zimechomekwa. Tumeona watu wamechomeka ya USB peke yake, taa inawaka, wanangoja sauti bure. Halafu tazama kile kirungu cha kupandisha sauti. Mtoto akikizungusha hadi mwisho wa kushoto wakati wa kupangusa vumbi, basi.

Hapa tutakaa kidogo kwenye jambo moja la hatari. Kompyuta na spika za msaada nyingine zimetoka Marekani, ambako stima ya nyumbani ni volti 120. Yetu hapa Kenya ni volti 240. Soma kile kijikaratasi kilichobandikwa kwenye adapta ya spika. Kama pameandikwa «100-240V», hakuna neno, chomeka. Kama pameandikwa «120V» peke yake, usichomeke kamwe kwenye soketi yetu, itaungua, na pengine mkono wako uko karibu. Kompyuta yenyewe nayo, kama ni ya zamani, huwa na kijiswichi chekundu mgongoni karibu na waya wa stima, kilichoandikwa 115 na 230. Kwetu kikae kwenye 230. Spika ya kifadhili iliyokufa siku ya kwanza ilipochomekwa, mara nyingi iliuawa hivyo, wala si mchawi.

Sasa jaribio ambalo tungependa kila kikundi kilijue hata kama mtasahau mengine yote. Chomoa ule waya mwembamba wa spika kutoka kwenye kompyuta, uuchomeke kwenye simu yenye tundu la hedifoni, au kwenye redio ndogo, na ucheze wimbo. Spika zikilia, basi spika ni nzima na waya wake ni mzima, shida iko nyuma, ndani ya kompyuta. Zisipolia, shida iko kwenye spika au waya, na hakuna haja ya kuigusa kompyuta. Halafu fanya kinyume chake: chukua hedifoni ambayo mmeisikia ikifanya kazi kwenye simu, uichomeke kwenye kompyuta. Ikisikika, kompyuta ni nzima. Kwa dakika mbili mmekata ile njia ndefu vipande viwili, na mmejua kipande kibovu. Hata fundi akija, mwambieni hivyo tangu mlangoni.

Tundu na rangi

Nyuma ya kompyuta kuna matundu madogo ya mviringo, mara nyingi matatu yakiwa na rangi. La kijani ni la spika. La waridi ni la maikrofoni. La samawati ni la kuingiza sauti kutoka chombo kingine, kama redio. Rangi hizi zilienea baada ya mwongozo ulioitwa PC 99, uliotayarishwa na kampuni za Microsoft na Intel, na ndiyo sababu unazikuta karibu kwenye kila mashini bila kujali iliundwa wapi. Plagi ya spika nyingi pia ni ya kijani. Kijani kwa kijani.

Kosa la kila siku ni kuingiza spika kwenye tundu la waridi. Plagi inaingia vizuri kabisa, inakaza, lakini hilo ni tundu la kuingiza sauti na wala halitoi chochote. Kompyuta nyingine hazina rangi, matundu ni meusi yote. Hapo angalia vichoro vidogo vilivyochongwa kando: hedifoni au mshale unaotoka nje ni wa spika, maikrofoni ni ya maikrofoni. Chumba chenye giza usikisie, washa tochi ya simu.

Ingiza plagi mpaka usikie au uhisi imekaza. Ikiingia nusu, sauti huja upande mmoja, au inakwaruza, au haiji kabisa. Vumbi letu jekundu pia huziba matundu haya. Fagia kwa brashi laini na kavu mashini ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Usiweke maji, mafuta wala sindano.

Tena tazama mbele ya kasha. Kuna tundu la hedifoni pale. Katika kompyuta nyingi, kitu kikichomekwa mbele, spika za nyuma hunyamazishwa. Kijana akiacha hedifoni zake pale jioni, asubuhi kikundi kinakuta kompyuta bubu. Mara nyingine ncha ya plagi imevunjikia ndani na imebaki humo, na mashini inaendelea kudhani kuna mtu amevaa hedifoni. Hiyo ya kuvunjika ni kazi ya fundi, lakini sasa mnajua cha kumwonyesha.

Ndani ya Windows

Kama spika ni nzima na tundu ni lake, tunapanda juu ya paipu. Lakini kabla ya kubonyeza chochote, zimeni kompyuta kwa utaratibu na muiwashe tena. Wakati mwingine programu ya sauti imekwama tu na inaamka.

Pembeni chini upande wa kulia wa skrini kuna kijipicha cha spika. Kama kina alama ya X au mstari wa kukatiza, sauti imezimwa. Kibonyeze, kisha bonyeza tena ile spika inayojitokeza, na uvute mstari wa sauti kwenda kulia. Kibodi nyingine zina kitufe cha kunyamazisha, na mtu hukigusa bila kukusudia.

Jaribuni pia video nyingine. Huenda ile moja ilinakiliwa vibaya au ilirekodiwa bila sauti. Na programu ya kuchezea video ina kirungu chake cha sauti, tofauti na kile cha Windows. Vyote viwili lazima viwe juu, kama mifereji miwili kwenye paipu moja.

Kama bado, fanyeni hivi. Bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows kwenye kibodi, mkikishikilia bonyezeni herufi R. Kidirisha kidogo kitafunguka. Andikeni mmsys.cpl, kisha Enter. Hii inafanya kazi kwenye Windows 7, 10 na 11, kwa hivyo hamna haja ya kujua mashini yenu ni ya mwaka gani. Litatokea dirisha lililoandikwa «Sound», na ukurasa wa kwanza ni «Playback». Hapo mtaona orodha ya mahali ambapo kompyuta inaweza kupeleka sauti. Pale penye alama ya kijani ndipo inapopeleka sasa.

Tutawaambia kisa cha kikundi kimoja cha kina mama, maanake ndicho kilichotufanya tuandike somo hili. Skrini yao ya zamani ilikufa. Walipata nyingine, ya kisasa zaidi, na kijana wa kikundi akaiunganisha. Picha ikawa nzuri ajabu, lakini sauti ikakatika siku hiyo hiyo. Fundi mmoja aliitwa, akaangalia kidogo, akasema bodi kuu imekufa, akataka shilingi elfu nne, nusu yake itumwe kwa simu kabla hajaanza. Mweka hazina, mama asiyejua kusoma vizuri lakini anayejua pesa, akakataa kutoa. Alisema, «Kama bodi imekufa, mbona inaandika?» Tunaliona hilo kuwa swali bora kuliko mengi tuliyofunzwa chuoni. Wakati huo huo maneno yalikuwa yameanza kwamba kijana ndiye aliyeiharibu. Aliacha kuja mikutanoni. Mafunzo ya Alhamisi yakasimama karibu miezi miwili.

Shida ilikuwa nini? Skrini ya zamani iliunganishwa kwa waya wa VGA, ule wenye plagi ya samawati na vijipini vingi, ambao hubeba picha tu. Skrini mpya iliunganishwa kwa HDMI, na waya wa HDMI hubeba picha pamoja na sauti. Windows ilipoona HDMI, ilidhani skrini itaongea, ikaanza kupeleka sauti huko. Skrini yenyewe haina spika. Sauti ilikuwa inatoka kila siku, ikienda kwenye nyumba isiyo na mtu. Katika lile dirisha la «Playback» alama ya kijani ilikuwa kwenye jina la skrini. Walibonyeza mara moja palipoandikwa «Speakers», kisha «Set Default» chini yake, na msemaji akaanza kuongea katikati ya sentensi. Kina mama walipiga vigelegele. Mwenyekiti alimtumia kijana ujumbe siku hiyo hiyo, na jambo hilo lilikuwa la maana kuliko sauti.

Waya wa DisplayPort nao hubeba sauti, hedifoni za bluetooth vilevile. Kila mara mkibadilisha skrini au kuongeza kifaa, na sauti ikapotea, anzeni hapa.

Dirisha hilo lina msaada mwingine. Wekeni video icheze, halafu mtazame vile vistari vinavyosimama kando ya kila jina. Vikicheza vya kijani kwenye «Speakers» na bado hamsikii kitu, basi Windows imefanya kazi yake, rudini kwenye waya, tundu na spika. Visipocheza popote, maji hayajafika tangini, tazameni ile programu ya video. Kama «Speakers» pameandikwa «Not plugged in» na nyinyi mmechomeka, plagi haijakaza au tundu limelegea. Kama jina «Speakers» halipo kabisa, bonyezeni kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu katika orodha na mchague «Show Disabled Devices». Likitokea likiwa limefifia, lipeni «Enable».

Draiva

Jina lisipotokea hata hivyo, shida huenda ni draiva. Tena kitufe cha Windows na R, andikeni devmgmt.msc. Orodha ndefu itafunguka. Tafuteni mstari wa «Sound, video and game controllers» na mfungue kijishale chake. Kifaa chenye mshale mdogo wa kwenda chini kimezimwa. Kitufe cha kulia cha mausi, «Enable device». Kifaa chenye pembetatu ya manjano kina draiva mbovu. Hapo chagueni «Uninstall device», kisha mzime na kuwasha kompyuta. Windows itaweka draiva yake ya kawaida, hata pasipo intaneti mara nyingi. Lakini kama kuna kisanduku kinachouliza kama mnataka kufuta programu ya draiva pia, msikiwekee alama, hasa mkiwa mahali pasipo intaneti. Ni kama kuvunja jiko la zamani kabla mpya halijafika.

Kama mstari huo wa sauti haupo, au una majina ya HDMI peke yake, kuna uwezekano kwamba sauti ilizimwa chini kabisa, kwenye BIOS, ambayo ni mipangilio ya mashini kabla ya Windows kuamka. Ofisi na shule nyingine huzima sauti hapo ili watu wasicheze muziki kazini, halafu mashini ikizeeka inatolewa kama msaada ikiwa bado imezimwa. Kuingia huko, mara tu unapowasha, gusa mara kadhaa F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell, au F1 kwenye Lenovo za mezani nyingi. Tafuta neno «Audio», liwe «Enabled» au liwe na alama. Usibadilishe kitu kingine chochote humo, na hilo tunalisema kwa nguvu. Yakikushinda, toka bila kuhifadhi. Kazi hii iachiwe mtu mmoja mtulivu, wengine wakae chini.

Walio na Ubuntu badala ya Windows, mambo ni yale yale: fungueni «Settings», kisha «Sound», mchague palipoandikwa «Output Device». Wenye Windows 10 mnajua kwamba Microsoft iliacha kuitolea marekebisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo na sauti haihusiani na hilo, kwa hivyo mtu akiwaambia sauti imepotea kwa sababu Windows «imeisha», mwambieni aonyeshe.

Sasa fundi

Kama mmepita huko kote na bado ni kimya, kadi ya sauti yenyewe inaweza kuwa imekufa. Radi ni adui mkubwa hapa. Wingu likianza kunguruma, chomoeni kila kitu ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Hata hapo si lazima bodi ibadilishwe. Kuna kadi ndogo ya sauti ya USB, kifaa cha ukubwa wa kidole, kina tundu la hedifoni na la maikrofoni. Kinachomekwa kwenye USB, Windows inakitambua yenyewe, na ile kadi iliyokufa inaachwa ilale. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kazi ya bodi. Kabla ya kununua, ombeni mwenye duka aijaribu mbele yenu.

Na fundi akija, kuna mambo mawili hatupendi kuyaona. La kwanza ni pesa kutangulia kazi. Mpeni nauli kama mmekubaliana, malipo mengine yafuate sauti. La pili ni fundi anayesema tangu mwanzo kwamba ataweka Windows upya. Kweli njia hiyo huponya mengi, lakini ikifanywa bila uangalifu inafuta kila kitu kilichomo: hesabu za mikopo, orodha ya wanachama, kumbukumbu za mikutano. Kikundi kinaweza kupata sauti na kupoteza habari za nani anadaiwa nini. Kabla ya mkono wake kugusa kibodi, katibu anakili kumbukumbu zote kwenye flashi mbili, moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina. Mafundi wema tunao wengi na hawachukii kuulizwa maswali. Anayekasirika akiulizwa, hiyo pia ni habari.

Wekeni daftari dogo kando ya kompyuta. Siku sauti ikipotea, andikeni tarehe na ni nini kilikuwa kimebadilishwa karibuni: skrini mpya, chumba kupakwa rangi, kompyuta kuhamishwa, stima kupotea. Andikeni kilichobadilika, msiandike ni nani mwenye hatia. Kile kikundi cha skrini mpya kingepona siku ya kwanza kama mtu angeandika mstari mmoja: «Leo tumebadilisha skrini.»

Kazi ya kikundi kabla ya toleo lijalo

Gawanyikeni watu watano watano. Mmoja abaki na kompyuta wengine watoke nje. Aliyebaki afanye kosa moja tu kwa makusudi: ahamishe plagi hadi tundu la waridi, au ashushe kirungu cha spika, au azime sauti kwenye Windows, au achomeke hedifoni mbele. BIOS na draiva zisiguswe katika zoezi hili. Kisha waingie watafute, wakianzia kwenye spika, na kila mmoja aseme kwa sauti anaangalia nini na kwa nini. Wa kwanza kugusa awe yule ambaye hajawahi kuigusa mashini, na wanaojua wafunge mikono nyuma mpaka aombe msaada. Mkimaliza, jadilini: ni nani katika kikundi chetu ameacha kuja tangu chombo fulani kiharibike, na je, kuna aliyekwenda kumwona?